Kutamka majina ya vyakula vya Kiitaliano ukizungumza Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kila anayelazimika kuyataja majina ya vyakula vya Kiitaliano katikati ya Kiingereza: mhudumu wa hoteli ya ufukweni, mpishi aliyepata kazi melini au Dubai, mwanafunzi wa chuo cha utalii, au mtu aliyealikwa chakula huko London na hataki kuinyooshea menyu kidole. Msimamo wangu nautaja mapema. Konsonanti na mkazo zifuate Kiitaliano, irabu zifuate Kiingereza cha hapo ulipo, na lafudhi yako iache kama ilivyo. Matamshi nimeyaandika kwa herufi za Kiswahili, na silabi yenye mkazo iko kwa herufi kubwa.

Kwani kuna ulazima gani? Mteja si atanielewa tu?

Akiwa ameshika menyu, mara nyingi atakuelewa. Tabu huanza menyu isipokuwepo: oda inasomwa kwa sauti dirishani pa jikoni, simu inapigwa kutoka chumba cha wageni, mtu mwenye mzio anauliza kilichomo ndani ya sahani. Hapo hakuna maandishi ya kukusaidia, ni sauti peke yake. Ukiita "gi-no-chi", mpishi aliyefunzwa nje atakutazama tu, kwa sababu chakula cha jina hilo hakipo. Kuna na usaili wa kazi, ambako meneja anaweza kukupa menyu na kukuambia umsomee.

Lakini sababu kubwa kwangu ni adabu. Jina la chakula ni mali ya watu waliokipika kabla yetu. Sisi wenyewe tunasikia vizuri mgeni akisema "ugali" na "mchuzi wa pweza" bila kuyavunja, na tunamhudumia kwa moyo mwingine.

Sijui hata neno moja la Kiitaliano. Nianzie wapi?

Anzia kwenye herufi c. Ukiielewa hiyo, nusu ya menyu imefunguka.

Mbele ya a, o, u au konsonanti, c ni k: carbonara ni kar-bo-NA-ra, ricotta ni ri-KO-ta, crostini ni kro-STI-ni. Mbele ya e au i, c ni ch ya chai: pancetta ni pan-CHE-ta, porcini (uyoga) ni por-CHI-ni, limoncello ni li-mon-CHE-lo. Sasa njoo kwenye mtego wetu sisi wa Kiswahili. Ukiona ch imeandikwa, mdomo unataka kusema ch ya chai, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Katika Kiitaliano ch ni k, siku zote. Ile h imewekwa pale kwa kazi moja tu: kuizuia c isigeuke kuwa ch. Kwa hiyo bruschetta ni bru-SKE-ta, radicchio ni ra-DI-kyo, Chianti ni KYAN-ti, zucchini ni zu-KI-ni, na macchiato unayoiuza kila asubuhi ni ma-KYA-to. Hata maraschino, ile cheri nyekundu ya juu ya vinywaji, ni ma-ra-SKI-no, ingawa Waingereza na Wamarekani wengi husema ma-ra-SHI-no.

Herufi sc inafuata njia hiyohiyo. Mbele ya e au i huwa sh, kama katika prosciutto: pro-SHU-to. Ikiingia h inarudi kuwa sk.

Na herufi g?

Sheria ni ileile. Gelato ni je-LA-to, parmigiana ni par-mi-JA-na, fagioli (maharage) ni fa-JO-li. Ikifuatwa na h inabaki g ngumu ya gari: spaghetti, funghi (FUN-gi, uyoga), Margherita.

Watu wa pwani tujihadhari kidogo hapa. Gh ya Kiitaliano si gh ya "ghali" wala ya "lugha". Haitoki kooni. Spaghetti ina g ya kawaida kabisa, spa-GE-ti.

Na kwa kuwa Margherita imetajwa: piza hiyo, mar-ge-RI-ta, inabeba jina la malkia wa Italia, Margherita wa Savoia. Kinywaji cha tequila ni margarita, neno la Kihispania. Katika Kiingereza cha haraka majina haya mawili hukaribia kufanana, kwa hiyo mgeni akiagiza kwa simu, muulize kama anataka piza au kinywaji.

Gnocchi hunishinda kila mara. Nifanyeje?

Gnocchi ni madonge madogo ya viazi na unga, yanachemshwa mpaka yaelee. Neno lenyewe lina vipande viwili vinavyotisha machoni kuliko mdomoni.

Tazama gn kwanza. Usiitenganishe, usiseme g halafu n. Ni sauti moja, na ni ile ile ny ya nyama, nyanya na nyumba. Mwingereza huhangaika nayo, wengine huishia kusema "NO-ki", kwa sababu lugha yake haianzi maneno kwa sauti hiyo. Wewe umeitamka tangu utotoni. Bandika ulimi kwenye kaakaa kama unayeanza kusema "nyota" na usimame hapo. Sasa kipande cha pili: cchi. Ina h, kwa hiyo ni k. Unganisha: NYO-ki. Kwa Kiitaliano chenyewe k inakazwa kidogo, NYOK-ki, lakini katika Kiingereza NYO-ki inatosha na ni sahihi.

Sauti hiyohiyo imo katika lasagna (la-ZA-nya) na katika Bologna (bo-LO-nya), mji uliozaa mchuzi wa bolognese. Si "lasag-na", na wala si ng' ya ng'ombe.

Na tagliatelle? Ile gl inasemwaje?

Gli haina mwenzake kamili katika Kiswahili, lakini ly inafika karibu sana: tal-ya-TE-le. G haisikiki. Vivyo hivyo aglio e olio, tambi za kitunguu saumu na mafuta ya zeituni: A-lyo e O-lyo. Ukisikia mtu anasema "ag-li-o", ujue ameisoma kwa macho ya Kiingereza.

Waitaliano wanalichukulia jambo la tagliatelle kwa uzito. Mwaka 1972 chama chao cha mapishi, Accademia Italiana della Cucina, kiliweka kipimo rasmi cha tambi hizi kwenye chemba ya biashara ya Bologna: upana wa milimita 8 zikishaiva. Na mchuzi wa bolognese kwao huliwa na tagliatelle. "Spaghetti bolognese" imekulia zaidi ughaibuni, na hilo halinizuii kuipenda.

Ciabatta ni "chi-a-BA-ta" au "cha-BA-ta"?

Cha-BA-ta. Ile i haisemwi. Imewekwa ili c iwe ch, ikishafanya kazi hiyo inanyamaza. Ndivyo ilivyo kwa focaccia (fo-KA-cha), guanciale (gwan-CHA-le), cacio e pepe (KA-cho e PE-pe), na Parmigiano Reggiano (par-mi-JA-no re-JA-no). Katika Kiingereza utawasikia wengi wakisema "fo-KA-chi-a". Wataeleweka, nawe utaelewana nao, ila usiwaige.

Bruschetta: mbona Wamarekani wengi husema "bru-SHE-ta"? Nami nisemeje?

Neno limetoka kwenye lahaja ya Roma, kwenye kitenzi bruscare, kubanika juu ya makaa. Ni mkate uliobanikwa, ukasuguliwa kitunguu saumu na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Nyanya na majani ya mrehani huja juu yake, lakini jina ni la mkate.

Wamarekani wanasema sh kwa sababu maandishi ya sch waliyazoea kwenye majina ya Kijerumani, ambako ni sh kweli. Matamshi hayo yameenea kiasi kwamba kamusi ya Merriam-Webster inayatambua yote mawili. Kwa hiyo kumwambia Mmarekani kwamba amekosea Kiingereza si haki. Ameongea Kiingereza cha kwao. Mimi ningekushauri useme bru-SKE-ta popote duniani, kwa sababu hiyo haikosewi kokote: Mmarekani ataielewa, Mwingereza ataipokea, Mtaliano atafurahi. Ukisema sh, mmoja kati ya hao watatu atakunja uso.

Maneno yenye konsonanti mbili mbili, kama penne na mozzarella, yana siri gani?

Katika Kiitaliano konsonanti iliyoandikwa mara mbili hushikiliwa kidogo kabla ya kuachiwa. Aliyesoma Kurani ataielewa haraka, kwa sababu ni shadda. Msemaji wa Kiganda naye anayo: kuba ni kuwa, kubba ni kuiba, na tofauti ni huko kushikilia tu. Sema pen-ne, huku ncha ya ulimi ikitulia nyuma ya meno kwa muda wa pigo moja, kisha umalizie.

Kwa Kiitaliano jambo hili si la urembo. Penne ni tambi zilizokatwa mshazari kama ncha ya kalamu ya manyoya. Pene, yenye n moja, ni uume. Wahudumu wa Italia wameshasikia wageni wengi wakiagiza hiyo ya pili.

Katika Kiingereza, hata hivyo, konsonanti ya namna hiyo haishikiliwi, na hutasikika mshamba ukisema PE-nei tu. Ndiyo maana katika matamshi ya ukurasa huu nimeandika konsonanti moja. Ila kama unahudumia Waitaliano, jizoeze ile mbili.

Zz ni jambo tofauti. Piza tumeifanya yetu kwa z moja, na katika Kiswahili ni sawa kabisa. Ukihamia Kiingereza, rudisha t: PIT-sa, mot-sa-RE-la.

Mkazo unawekwa wapi?

Hapa tumebarikiwa. Kiitaliano, kama Kiswahili, hupenda kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ri-SO-to, pe-ko-RI-no, kar-PA-cho, mi-ne-STRO-ne. Kwa maneno mengi wewe soma tu kama unavyosoma Kiswahili na mkazo utakaa mahali pake bila kufikiri.

Matatizo yako kwenye maneno machache yanayokiuka. Ragù na tiramisù zina mkazo mwishoni, ra-GU, ti-ra-mi-SU, na Waitaliano huweka alama juu ya irabu kukuonyesha. Menyu za Kiingereza huidondosha hiyo alama, basi sisi husoma RA-gu na ti-ra-MI-su kwa mazoea yetu. Kariri hayo mawili pamoja na caffè, ka-FE. Kundi la pili hukaza silabi ya tatu kutoka mwisho: broccoli ni BRO-ko-li, bresaola ni bre-ZA-o-la, na Modena, mji wa ile siki nyeusi tamu, ni MO-de-na. Jambo hili si geni kwetu. Tuna barabara ya magari yenye mkazo kwenye BA ya pili, na tuna mambo yaliyo barabara, yenye mkazo kwenye RA ya kwanza, na hatuzichanganyi.

Irabu ya mwisho, kama ile e ya calzone, inasemwa?

Inasemwa. Katika Kiitaliano irabu ya mwisho haimezwi kamwe: kal-TSO-ne, ma-skar-PO-ne, pro-vo-LO-ne. Kiingereza huigeuza, Waingereza na Wamarekani wakiifanya i au ei, kal-ZO-ni, LA-tei, na hilo ni lao. Wewe ukibaki na e yako safi ya Kiswahili hakuna atakayekulaumu. Kinachochanganya watu ni kuidondosha kabisa, ukasema "kal-ZON" au "ka-PRIS". Saladi ya caprese, ya nyanya na mozzarella, ina jina la kisiwa cha Capri na ni ka-PRE-ze.

Uingereza na Marekani wanatofautiana wapi?

Zaidi kwenye irabu. Pasta ya Uingereza ina a fupi, ya Marekani ina a ndefu. Bolognese kwa Waingereza wengi ni bo-lo-NEIZ, kwa Wamarekani bo-lo-NYEI-zi. Oregano ni o-ri-GA-no Uingereza na o-RE-ga-no Marekani, na hapa Wamarekani ndio waliobaki karibu na Mtaliano, anayesema o-RI-ga-no.

Tofauti nyingine ni ya majina yenyewe. Zucchini ya Marekani huitwa courgette Uingereza, na majani ya arugula ya Marekani huko ni rocket. Ukihama kazi kutoka meli ya Wamarekani kwenda hoteli ya Waingereza, hayo ndiyo yatakayokusumbua kabla ya matamshi.

Nimemsikia Mmarekani mwenye asili ya Italia akisema "gabagool" na "mutzadell". Anakosea?

Hapana, na naomba usimcheke. Hili ni jambo lenye historia nzito.

Kati ya 1880 na 1924, Waitaliano wapatao milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao kutoka kusini: Napoli, Calabria, Sicilia. Italia ilikuwa imeungana kuwa dola moja mwaka 1861 tu, na Kiitaliano sanifu, kilichojengwa juu ya lugha ya Firenze, kilikuwa cha wachache waliosoma. Wahamiaji hawa hawakuzungumza hicho. Walizungumza lahaja za kwao, kama vile mzee wa Lamu wa zamani alivyozungumza Kiamu bila kuhitaji ruhusa ya Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Katika lahaja nyingi za kusini irabu ya mwisho hufifia mpaka isisikike, c hulegea ikawa g, p ikawa b. Hivyo capicola, nyama ya nguruwe ya kukaushwa, ikawa "ga-ba-GUL", ricotta ikawa "ri-GOT", mozzarella ikawa "mu-tsa-DEL", na pasta e fagioli, ambayo kwa Kinapoli ni fasule, ikawa "pasta fa-ZUL". Sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipofunga mlango, lahaja hizo zilibaki New Jersey, New York na Rhode Island huku Italia yenyewe ikiendelea kubadilika kwa shule, redio na televisheni.

Kwa hiyo anayesema hivyo anamtaja bibi yake. Wewe usimwige, kwa sababu si urithi wako, lakini uelewe masikioni: akikuagiza "mutzadell", mpelekee mozzarella na usimrudishie neno kwa kumsahihisha.

Mimi ni Mwislamu. Ni majina gani nisiyasikie vibaya?

Swali hili nalipa nafasi kwa sababu kukosea hapa kuna uzito. Prosciutto, pancetta, guanciale, speck, mortadella, lardo na 'nduja ni nguruwe. Salsiccia (sal-SI-cha), yaani soseji, kwa kawaida ni nguruwe pia. Carbonara na amatriciana (a-ma-tri-CHA-na) za asili hupikwa na guanciale, hata kama menyu haikutaja nyama. Bresaola kwa kawaida ni ng'ombe, na inafanana machoni na nyama nyingine za kukaushwa, kwa hiyo sikio ndilo litakalokusaidia. Tiramisu mara nyingi hutiwa mvinyo wa Marsala au ramu.

Halafu kuna pepperoni. Katika Kiingereza, yenye p tatu, ni soseji kavu ya Kimarekani, mara nyingi ya nguruwe na ng'ombe pamoja. Katika Kiitaliano, yenye p mbili, peperoni ni pilipili hoho. Kwa sauti hazitofautiani kwa sikio la kawaida. Ukiwa Roma ukaagiza piza ya peperoni utaletewa hoho. Ukiwa Chicago utaletewa soseji. Na aliyezoea hoho za Roma akifika Chicago anaweza kula asichokusudia. Matamshi hayatakuokoa hapo. Uliza kwa Kiingereza cha wazi ni nyama gani, na kama wewe ndiye mhudumu, jibu kabla hujaulizwa.

Espresso au expresso?

Espresso, e-SPRE-so. Hakuna x.

Mascarpone au "marscapone"?

Ma-skar-PO-ne. R iko baada ya a ya pili. Hata wapishi mashuhuri wa televisheni huihamisha, nami hujaribu kuisema polepole kwa vipande vitatu: mas, kar, pone.

Je, "two paninis" ni kosa?

Katika Kiitaliano panino ni mkate mmoja uliotiwa vitu ndani, panini ni mingi. Wingi wao unakaa mwishoni mwa neno, o inakuwa i, na a inakuwa e, pale ambapo ngeli zetu hubadilisha mwanzo. Kiingereza kimeichukua panini kama umoja na kuibandika s. Ukiwa unazungumza Kiingereza, "a panini" ni kawaida na "a panino" itakufanya urudie mara mbili. Sitapigana vita hiyo. Biscotti, ravioli na cannoli zimepita njia hiyohiyo.

'Nduja inaanzaje na n na d kwa pamoja?

Inaanza kama ndizi, ndugu na ndoto. Hii ni soseji laini ya kupaka, kali kwa pilipili, ya Calabria, hasa mji mdogo wa Spilinga. J yake ni y: n-DU-ya. Wazungumzaji wa Kiingereza huongeza irabu mbele, "en-DU-ya", kwa kuwa hawawezi kuanza neno namna hiyo. Wewe unaweza, basi iseme ilivyo.

Chorizo nayo ni "cho-RI-tso"?

Hapana, hiyo si ya Kiitaliano. Ni Kihispania, na z yake haina t ndani. Kwa msemaji wa Kihispania wa Amerika ya Kusini ni cho-RI-so. Watu wakishajua kwamba pizza ni PIT-sa huanza kuisambaza ts kila mahali. Kabla ya kutumia sheria za ukurasa huu, hakikisha neno ni la Italia.

Nikiyatamka kama Mtaliano kabisa, kwa r ya kuviringisha na mikono juu, si ndiyo vizuri zaidi?

Ukiwa na Waitaliano, ndiyo. Katikati ya sentensi ya Kiingereza, neno moja linaloruka kwa lafudhi nyingine humfanya msikilizaji asimame, aache ulichokuwa unamwambia na akutazame wewe. Mhudumu kazi yake ni kumfikisha mgeni kwenye chakula. Tamka k pale penye k, ny pale penye ny, kisha endelea na sentensi yako kwa sauti ileile uliyoanza nayo.

Mteja akikosea nimsahihishe?

Kamwe. Ila pia usiige kosa lake. Akisema "I'll have the bru-SHE-ta", wewe unapoirudia oda sema bru-SKE-ta kwa sauti ya kawaida bila kukaza neno, na upite. Akitaka kujifunza amejifunza, asipotaka hajaaibishwa mbele ya meza. Kwa mwenzako wa kazi ni tofauti. Yeye msubiri mtoke mbele ya wageni, kisha mwambie kwa upole, "Kaka, ile ya meza ya nne ni nyoki, si ginochi," kama ambavyo ungependa uambiwe.

Nafanya kazi Malindi na wageni wetu wengi ni Waitaliano wenyewe. Bado nahitaji haya?

Wewe una bahati kuliko wote. Malindi na Watamu wamezoeana na Waitaliano tangu mradi wa anga wa San Marco ulipoanza Ngomeni miaka ya 1960, na huko unaweza kusikia kijana wa ufukweni akizungumza Kiitaliano kwa ufasaha kuliko Kiingereza. Unguja, upande wa Kiwengwa, hali inafanana. Una walimu mezani kila siku. Waombe wakutamkie, na nakuhakikishia watafurahi, kwa kuwa Mtaliano akiulizwa juu ya chakula cha kwao huwa hana haraka.

Jihadhari na jambo moja tu. Kwa Mtaliano, latte ni maziwa. Akisema anataka latte, pengine ni maziwa kweli. Mwingereza akisema vilevile, anataka kahawa.

Jioni hii kuna neno kwenye menyu sijawahi kuliona. Nifanye nini kabla ya wageni kufika?

Likate vipande kwa kalamu. Tuchukue orecchiette. O, halafu re, halafu cchie: kuna h, kwa hiyo k, na ie inateleza kuwa kye. Halafu tte, na irabu ya mwisho haimezwi. O-re-KYE-te, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni tambi za Puglia zenye umbo la sikio dogo, na jina linasema hivyo hivyo. Jaribu na strozzapreti: zz ina t ndani, c hakuna, g hakuna. Stro-tsa-PRE-ti. Maana yake ni wakaba makasisi, na wageni hupenda kuisikia.

Ukimaliza, nenda jikoni umsomee mpishi kwa sauti kabla moto haujapamba, wakati bado ana nafasi ya kukujibu. Muulize na kilichomo ndani. Kisha lirudie neno mara kadhaa ukiwa unapanga uma na vikombe, mpaka litoke bila kulifikiria.